Fantasi ya Kuchagua Mara Moja: Ligi Inayowafaa Watu wa Ziwani

Mchezo wa fantasi wa Ligi Kuu ya Uingereza, ambao mashabiki wengi wa Kenya huuita FPL tu, hufunga milango yake dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya kila wiki. Mechi hiyo ikichezwa Ijumaa saa mbili usiku kwa saa za London, milango hufungwa saa mbili na nusu usiku kwa saa za Kenya mwezi Agosti, na saa tatu na nusu baada ya Waingereza kurudisha saa zao nyuma mwishoni mwa Oktoba. Mtu aliyetoka ofisini na kufika nyumbani ana nafasi ya kuangalia nani ameumia, nani anatumikia marufuku, kisha apange kikosi chake. Mvuvi wa omena wa Luanda Kotieno hana nafasi hiyo. Wakati huo mashua yake iko majini, taa zimewashwa kuvuta dagaa, na mtandao wa simu huko ndani huja na kupotea. Atarudi ufuoni alfajiri, auze, atengeneze nyavu, alale. Akifungua simu mchana, atakuta nahodha aliyemteua wiki iliyopita hata hakuvaa jezi.

Luanda Kotieno iko mwisho wa barabara itokayo Ndori, katika nchi ya Uyoma, kaunti ya Siaya, na hapo ndipo feri huanzia safari ya kuvuka ghuba hadi Mbita. Watu wake wanaishi kwa saa za ziwa: wavuvi wa omena hufuata giza la mwezi, wavuvi wa mbuta na ngege huenda na nyavu zao usiku na kuzitazama asubuhi, na akina mama wanaonunua omena huwa ufuoni kabla jua halijachomoza. Hawa ni watu wa kandanda hasa. Gor Mahia, yaani K'Ogalo, iliyoundwa mwaka 1968 na kutwaa Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1987, ni kama sehemu ya ukoo hapa, na mechi za Arsenal, Manchester United, Chelsea na Liverpool hujaza mabanda ya kuonyeshea mpira wikendi nzima. Kinachokosekana ni aina ya fantasi isiyowaadhibu kwa kuwa kazini. Aina hiyo ipo, na hoja yangu ni kwamba inawafaa watu wa ziwani kuliko ile inayojulikana zaidi: ligi ambayo wachezaji huchaguliwa mara moja tu kabla ya msimu, kisha meneja hana la kugusa mpaka mwezi Mei.

Kwa asiyeijua FPL ya kawaida, kila meneja hupewa pauni milioni 100 za kubuni anunue wachezaji 15: makipa wawili, mabeki watano, viungo watano na washambuliaji watatu, wasiozidi watatu kutoka klabu moja. Kila wiki huchagua 11 wa kuanza na nahodha ambaye pointi zake huhesabiwa mara mbili. Anaweza kubadilisha wachezaji, lakini akizidisha idadi aliyoruhusiwa hukatwa pointi nne kwa kila badiliko la ziada. Bao la mshambuliaji lina pointi nne, la kiungo tano, la beki sita. Pasi ya bao ina tatu. Beki na kipa hupata nne timu yao isipofungwa. Kadi ya manjano hupunguza moja na nyekundu tatu. Msimu una wiki 38, na mameneja duniani wamepita milioni kumi. Bei ni ile ile kwa wote, kwa hiyo mtu akifanya hesabu vizuri huishia na kikosi kinachofanana na cha jirani yake. Msimu wa 2022/23, Erling Haaland alipofunga mabao 36, zaidi ya nusu ya mameneja walikuwa naye. Katika ligi ndogo ya marafiki kumi, bao la Haaland liliwapa karibu wote pointi zile zile, na msimamo haukusogea hata kidogo. Walichobaki kushindania ni mambo ya pembeni: nani aligundua kwanza kwamba beki fulani wa bei ya chini amerudi kikosini, nani alikuwa na simu mkononi dakika kumi kabla ya milango kufungwa.

Drafti huondoa fedha kabisa. Mameneja hukutana, ana kwa ana au kwa simu, na kuchagua wachezaji kwa zamu. Aliyechaguliwa ameondoka: Haaland akiwa wako, si wa mwingine yeyote katika ligi yenu. Waendeshaji wa FPL walianzisha toleo lao la drafti msimu wa 2017/18, nalo halina bajeti wala nahodha. Hata hivyo, toleo hilo bado lina kazi ya kila wiki: kupanga 11, kuomba wachezaji waliobaki bila mwenyewe, kubadilishana na wenzako. Kuna hatua moja zaidi ambayo imeenea sana katika fantasi ya kandanda ya Kimarekani, nayo ndiyo ninayoipendekeza. Huko kuna ligi ambazo drafti ndiyo kazi yote. Baada ya hapo hakuna kuomba, hakuna kubadilishana, hakuna hata kupanga kikosi. Tukiuleta mtindo huo kwenye soka, kila wiki ikimalizika pointi za wachezaji wako wote hutazamwa, na 11 waliofanya vizuri zaidi kwa mpangilio unaokubalika, yaani kipa mmoja, mabeki wasiopungua watatu na angalau mshambuliaji mmoja, ndio wanaohesabiwa. Mchezaji aliyekaa nje au kucheza vibaya hujiondoa mwenyewe kwenye hesabu.

Mtu anaweza kudhani kwamba jambo hili linahitaji programu maalumu na mtandao wa uhakika. Historia yasema vingine. Fantasi ya kandanda ya Kimarekani ilibuniwa mwaka 1962 na Bill Winkenbach, mmoja wa wamiliki wa klabu ya Oakland Raiders, akiwa na wenzake hotelini New York wakati timu iko safarini. Drafti yao ya kwanza ilifanyika mwaka uliofuata nyumbani kwa Winkenbach huko Oakland, ligi ikiwa na timu nane. Hapakuwa na kompyuta. Walitumia karatasi, kalamu na matokeo ya magazetini, na mchezo ukasimama. Waingereza walipoanza fantasi yao ya soka mwanzoni mwa miaka ya 1990, posta na gazeti vilitosha. Kwa hiyo ligi inayoandikwa kwenye daftari la kurasa 96 huko Uyoma haina upungufu wowote. Imefuata njia waliyopita waanzilishi.

Na hapa ndipo aina hii ya ligi inapokutana vizuri na maisha ya ziwani. Kwa kuwa hakuna uamuzi wa kila wiki, hesabu nayo inaweza kusubiri. FPL huhifadhi pointi za kila mchezaji wiki kwa wiki, na zinaweza kusomwa hata mwezi mmoja baadaye. Omena huvuliwa wakati wa giza. Mwezi ukijaa, taa hazivuti samaki vya kutosha na mashua nyingi hupumzika. Siku hizo za mapumziko ndizo za kufungua daftari, kuweka data kidogo kwenye simu moja, kuhesabu wiki tatu au nne kwa pamoja na kutangaza msimamo. Hakuna aliyepoteza kitu kwa kuwa ziwani Ijumaa usiku. Mama anayekausha omena kutwa nzima anashindana sawa na mwalimu wa shule anayesoma habari za majeruhi kila jioni, maana maarifa yao yote yalitumika siku moja, mbele ya macho ya wote. Nalipa uzito jambo hili kuliko yote. Katika fantasi ya kawaida, kinachoitwa ustadi mara nyingi ni muda wa bure na data ya simu, na hivyo viwili havikugawiwa watu kwa usawa.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Watu wanane ndio idadi ninayoiona nzuri kwa wanaoanza, ingawa kumi wanawezekana. Kwanza pigeni kura ya karatasi kupata mpangilio wa zamu. Kisha chagueni kwa mwendo wa nyoka: duru ya kwanza kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, duru ya pili kutoka wa mwisho kurudi kwa wa kwanza, na kuendelea hivyo. Wanachama wa chama cha mzunguko wanajua malalamiko ya anayepokea mwisho kila mara. Mwendo wa nyoka ni dawa ya malalamiko hayo. Katika ligi ya watu kumi, wa kwanza hupata chaguo la 1, kisha la 20 na la 21, kisha la 40. Wa kumi hupata la 10 na la 11, kisha la 30 na la 31. Wa tano hupata la 5, la 16, la 25, la 36. Ukijumlisha duru mbili za kwanza, namba za kila mtu hutoa 21. Wekeni muda wa kila chaguo, tuseme dakika moja na nusu, la sivyo mtakesha. Na asiyeweza kufika aachie orodha yake kwa mtu anayemwamini, ikiwa imepangwa kwa utaratibu, ili jina la juu ambalo halijachukuliwa ndilo lichaguliwe.

Kosa kubwa la anayetoka FPL ya kawaida ni kuingia kwenye drafti akiwa na bei kichwani. Hapa bei haipo. Kilichopo ni uhaba. Hesabu makipa kwanza. Ligi Kuu ya Uingereza ina klabu 20, kwa hiyo ina makipa 20 wa kwanza. Mkiwa kumi na kila mmoja akitaka wawili, mtawamaliza wote 20 bila kubaki hata mmoja, na atakayezembea ataishia na kipa wa akiba asiyecheza mpaka mwenzake aumie. Mkiwa wanane, watahitajika 16 na wanne watasalia, jambo linalopunguza presha. Washambuliaji ni hatari zaidi. Klabu nyingi siku hizi huanza na mshambuliaji mmoja tu wa kati, na mameneja kumi wakitaka watatu kila mmoja, yahitajika majina 30 mahali penye 20 au zaidi kidogo wanaoanza kwa uhakika. Viungo ni wengi, kwa sababu mawinga karibu wote huorodheshwa kama viungo, na mabeki nao ni wengi. Ndiyo maana swali la kujiuliza kabla ya kutaja jina ni hili: nikimwacha huyu sasa, nitampata nani wa nafasi hiyo zamu yangu ikirudi? Chukulia, kwa mfano tu, kwamba kipa bora ataleta pointi 150 na wa kumi ataleta 125, wakati mshambuliaji bora ataleta 200 na wa kumi 120. Ukisubiri kipa umepoteza pointi 25; ukisubiri mshambuliaji umepoteza 80. Jina la kipa linaweza kuwa kubwa vipi, hesabu haibadiliki.

Jambo la pili ni geni kabisa kwa waliozoea kupanga kikosi wenyewe, na linahitaji kuzoewa polepole. Kwa kuwa 11 bora huhesabiwa wenyewe baada ya mechi, mchezaji wa vipindi, yule anayelala wiki tatu kisha akafunga mabao mawili, ana thamani kubwa kuliko anavyoonekana. Tazama wawili hawa. Wa kwanza katika wiki nne amepata 2, 2, 13 na 2. Wa pili amepata 5, 4, 5 na 5. Wote wana 19. Lakini katika ligi hii, zile wiki ambazo wa kwanza amepata 2, nafasi yake inachukuliwa na mwenzake wa benchi. Benchi likiwa na mtu wa kuleta 4, nafasi ile itakuwa imetoa 4, 4, 13 na 4, jumla 25. Yule mtulivu atatoa 19 zake zile zile. Kwa hiyo duru za kwanza chagua wachezaji wa uhakika, wanaocheza dakika 90 kila wiki, wapiga penalti na wapiga kona. Duru za mwisho tafuta wachezaji wa kulipuka. Na kwa kuwa kikomo cha watatu kwa klabu hakipo katika drafti, unaweza kuchukua mabeki wawili pamoja na kipa wa klabu moja yenye ukuta mgumu. Siku wasipofungwa, unavuna mara tatu. Siku wakifungwa, wengine wanaziba.

Pingamizi la kwanza litatoka kwa waliozoea ligi ya kawaida: hapo bahati imezidi, mtu akivuta karatasi ya kwanza amemaliza kazi. Msimu wa 2024/25 unaonekana kuwapa haki, kwani Mohamed Salah alifunga mabao 29, akatoa pasi 18 za mabao na kumaliza na pointi 344 za FPL, rekodi ambayo haikuwahi kufikiwa, huku aliyemfuata, Bryan Mbeumo, akiwa zaidi ya pointi 100 nyuma. Mwenye Salah alikuwa na kikosi chenye mtu mmoja wa ziada, kwa kweli. Lakini rudi nyuma hadi Agosti 2024, siku ya kuchagua. Mchezaji aliyepangiwa bei ya juu zaidi mwaka huo alikuwa Haaland, pauni milioni 15, na wengi wangemtaja yeye kwanza. Haaland alimaliza na mabao 22 na sehemu ya msimu akiwa majeruhi. Mwenye karatasi ya kwanza angeweza kabisa kumwacha Salah kwa wa pili au wa tatu. Naye Mbeumo, aliyekuwa bado Brentford, hakuwa jina la duru ya kwanza mahali popote. Aliyemchukua duru ya nne au ya tano alipata zawadi ambayo zamu haikumpa mtu, bali macho yake. Zamu hutoa nafasi, na katika wachaguzi kumi wapo wanaoitumia vibaya kila mwaka.

Pingamizi la majeruhi lina uzito zaidi, na silipuuzi. Rodri wa Manchester City aliumia goti dhidi ya Arsenal mwezi Septemba 2024 na karibu msimu wote ukampita. Jhon Durán alikuwa akifunga akitokea benchi la Aston Villa, kisha Januari 2025 akauzwa Saudi Arabia, na mwenye kumchagua akabaki na jina tupu. Agosti 2025 Alexander Isak hakutaka kuichezea Newcastle, na kwa wiki za mwanzo aliyemchukua duru ya kwanza hakupata kitu, mpaka Septemba 1 alipohamia Liverpool. Halafu kuna Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON): lile la Morocco lilianza Desemba 21, 2025 na kumalizika Januari 18, 2026, na mtu aliyejaza kikosi chake Wamisri, Wakamerun, Wasenegali na Waivori alijua, au alipaswa kujua, kwamba Krismasi yake itakuwa na njaa. Katika ligi hii huwezi kurekebisha. Jibu liko kwenye ukubwa wa kikosi. Badala ya 15, chagueni 18: makipa wawili, mabeki sita, viungo sita, washambuliaji wanne. Kwa watu wanane hiyo ni wachezaji 144, na klabu 20 zinaanzisha wachezaji 220 kila wiki, kwa hiyo majina yapo, ingawa mshambuliaji wa nne wa baadhi yenu atakuwa mtu wa kutokea benchi. Aliyejua kutawanya hatari, asiyeweka mayatima wote wa AFCON katika kikosi kimoja, ataumia kidogo kuliko mwenzake, na huo ni ustadi kama ustadi mwingine. Fanyeni drafti karibu iwezekanavyo na mechi ya kwanza, kwa sababu mechi za kujiandaa za Julai na mapema Agosti huumiza watu. Wanaotaka wanaweza kukubaliana, kabla ya kuanza na kwa maandishi, kwamba Januari kutakuwa na kikao kimoja ambapo kila meneja anaweza kutupa wachezaji wawili na kuchukua wengine, wa mwisho katika msimamo akichagua kwanza. Mimi ningeanza bila kikao hicho, ili watu waone kwanza mchezo mtupu unavyokwenda.

Wapo wanaosema kwamba meneja asiye na kazi atachoka na kusahau. Tatizo hilo limo katika ligi zote. Kila anayesimamia ligi ndogo ya FPL anajua timu zilizotelekezwa kufika Novemba, na timu hizo huharibu mashindano kwa sababu hazibadilishwi: majeruhi wanabaki kikosini na nahodha ni yule yule aliyeuzwa. Katika ligi ya kuchagua mara moja timu ya aliyesahau huendelea kuwa timu kamili. Aliyechoka Oktoba anaweza kugundua Machi kwamba yuko wa pili, na moyo ukarudi. Isitoshe, kila bao sasa lina mwenyewe. Watu wanane wakiwa ndani ya banda moja Jumapili jioni, winga wa Fulham akifunga, mtu mmoja anasimama na saba wanabaki wameketi. Katika FPL ya kawaida wangesimama watano, au asingesimama hata mmoja kwa kuwa hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumnunua winga wa Fulham.

Pingamizi zito kuliko yote ni la kamari, na kwa ufuo wa ziwa si la nadharia. SportPesa ilianza mwaka 2014, na simu ya M-Pesa ikawa mlango wa kubetia mfukoni mwa kila kijana. Utafiti wa GeoPoll wa mwaka 2017 ulikuta kwamba asilimia 76 ya vijana wa Kenya waliohojiwa walikuwa wamewahi kucheza kamari, kiwango cha juu kuliko nchi nyingine za Afrika zilizochunguzwa. Mwaka 2019 serikali ilikataa kuhuisha leseni za kampuni nyingi za kubeti, nyingine zikarudi baadaye, na mwaka 2025 ikaja sheria mpya ya udhibiti kuchukua mahali pa ile ya 1966. Na ni kweli kwamba huko Marekani ligi za kuchagua mara moja zimegeuzwa biashara kubwa: watu hulipa kiingilio, wakanunua vikosi kumi, hamsini, mia moja, wakitumaini kimoja kitashinda. Mtu akileta mtindo huo Luanda Kotieno, ameleta kamari iliyobadilishwa jina. Msimamo wangu ni kwamba ligi ya ufuoni isiwe na kiingilio cha fedha hata kidogo. Si kwamba watu hawawezi kutunza fedha. Vyama vya mzunguko na kamati za ufuo zinatunza fedha za wanachama miaka nenda rudi. Ni kwamba fedha ikiingia, anayekosa shilingi hizo wiki ya drafti anaachwa nje, na mchezo unapoteza usawa ule ule ulioufanya ufae. Zawadi iwe jezi, au jina kuandikwa ukutani kwenye banda la mpira. Umbo lenyewe la ligi linasaidia: mkeka wa kubeti hujibiwa usiku huo huo na kumrudisha mtu kesho yake, wakati ligi hii humwomba subira ya miezi tisa na haimpi kitufe cha kubonyeza akiwa na hasira ya kushindwa.

Linabaki lalamiko kuhusu Waingereza: kwa nini tuwape hamu yetu yote watu wa Manchester na London, na sisi tuna ligi yetu? Lalamiko hili nalikubali karibu lote. Ligi Kuu ya Kenya haina mfumo wa kuhesabu pasi za mabao, kona na dakika za kila mchezaji kama ule wa FPL, kwa hiyo drafti ya wachezaji ingekwama kwenye hesabu. Lakini drafti ya klabu haihitaji hayo. Ligi ina klabu 18. Watu sita, klabu tatu kwa kila mtu, na pointi ni zile zile za msimamo: tatu kwa ushindi, moja kwa sare. Gazeti la Jumatatu linatosha. Shida moja tu ndiyo ya kufikiria, na ukanda huu itajitokeza dakika ya kwanza: kila mtu atataka Gor Mahia. Mwendo wa kawaida wa nyoka hautoshi hapa, kwa sababu duru ni tatu na tatu haigawanyiki kwa mbili. Anayeanza angepata klabu ya 1, ya 12 na ya 13, na wa sita angepata ya 6, ya 7 na ya 18, maana yake aliyeondoka na Gor Mahia angepewa pia nafasi nzuri duru ya tatu. Igeuzeni duru hiyo ya tatu ianzie kwa wa sita kama ya pili. Hapo mwenye Gor Mahia atapata ya 1, ya 12 na ya 18, yaani klabu itakayobaki baada ya wote kuchagua, na wa sita atapata ya 6, ya 7 na ya 13. Mwenye bahati ya karatasi ya kwanza atakuwa na K'Ogalo kifuani na klabu moja ya mkiani ya kuiombea kila wikendi, na wale watano waliokosa watakuwa na sababu ya kufuatilia mechi za Kakamega, Ruaraka na Murang'a ambazo jana hawakuzijali.